Barua ya wazi kwa wakuu wa maji wa mji wetu: kabla ya tenki jipya, pimeni hili la zamani

Kwa: Mwenyekiti wa Bodi na Meneja wa Mamlaka ya Maji
Nakala: Mkuu wa Wilaya, Waheshimiwa Madiwani

YAH: KUPIMA NA KUREKEBISHA MTANDAO WA MAJI ULIOPO

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Meneja,

Poleni na kazi. Nimesikia kwenye kikao cha kata, na wengine wamesikia redioni, kwamba kuna matumaini ya fedha za tenki jipya na chanzo kingine cha maji. Hongereni kwa kuhangaika. Ila kabla mkandarasi hajamwaga kokoto zake pale kilimani, nawaomba mpime maji tuliyonayo yanatoka kiasi gani na yanaishia wapi. Jambo hilo halijafanyika kwa miaka mingi, na bila hilo tenki jipya litakuwa gharama mpya juu ya ugonjwa wa zamani.

Mji wenyewe sitautaja. Tatizo hili limejaa kwenye miji midogo ya milima ya huku Buha, nchi ya Waha, na si haki meneja aliyeripoti juzi abebeshwe makosa ya miaka arobaini. Mimi ni fundi sanifu mstaafu. Nilisoma Chuo cha Maji pale Ubungo, nikautumikia mkoa huu wa Kigoma mpaka nilipostaafu. Sasa nafuga kuku na kununua maji ya ndoo kama jirani zangu, tena kwa kijana ambaye namfahamu tangu anasoma darasa la kwanza na ambaye hanipunguzii hata shilingi.

Tulikotoka mnakujua, nitagusia tu. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Ahadi ilikuwa ifikapo 1991 kila mwananchi awe na maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Nchi marafiki ziligawana mikoa, na huku kwetu na Rukwa wakaja Wanorwei. Maji ya bomba la kijiji yalikuwa bure, kwa hiyo hakuna aliyesumbuka na dira za kupimia maji. Baadaye Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikageuza mambo: anayetumia achangie gharama. Sawa kabisa. Lakini mabomba yaliyo chini ya ardhi hayakusomewa sera mpya. Yapo yale yale, na mji umepanda kilima mpaka kuna nyumba zimejengwa juu ya usawa wa tenki. Wenye nyumba hizo wanalipia kuunganishwa, halafu wanashangaa bomba haliwatemei hata tone. Maji ya mserereko hayapandi mlima, hata mteja akiwa na risiti.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe. Kipimo cha kwanza hakihitaji mtaalamu kutoka Dodoma. Kinahitaji usiku mmoja, tochi, futi kamba na mtu asiyesinzia. Saa nane usiku, mji ukiwa umelala, funga valvu inayoingiza maji kwenye tenki, ile ya kutolea iache wazi. Pima kina cha maji, andika. Rudi saa kumi alfajiri, pima tena. Tuseme tenki ni la duara na upana wake ni mita nane. Kila sentimita moja inayoshuka hapo ni kama lita 500. Likishuka sentimita 20 kwa saa hizo mbili, zimeondoka lita 10,000, yaani ndoo 500 za lita ishirini. Nani anachota ndoo 500 saa tisa ya usiku? Wapo wachache, sikatai: hospitali, mwenye gesti, na yule anayejaza simtanki yake wakati wenzake wamelala. Watoeni hao. Kinachobaki kinaingia ardhini.

Wala wingi wake usiwashangaze. Tundu la milimita tano tu, kwenye bomba lenye presha ya bar tatu (bar ni kipimo cha presha), linatoa takriban lita elfu moja kwa saa. Usiku na mchana hizo ni zaidi ya lita 20,000 kutoka tundu moja. Na si lazima mlione barabarani. Udongo ukiwa wa kupitisha maji, yanapotelea chini kimya kimya, na dalili pekee ni majani mabichi mwezi wa nane pahali ambapo kila kitu kimekauka. Pale nyuma ya soko kuna mama ana bustani ya mchicha isiyonyauka kiangazi kizima. Anadhani ana bahati ya ardhi. Mimi sijamwambia kitu, ila ninyi mngekwenda na koleo.

Mkishajua mji mzima unapoteza kiasi gani usiku, mnaugawa. Usiku mwingine mnafunga mtaa mmoja baada ya mwingine kwa valvu zake, mnaangalia mshuko wa tenki unapungua wapi. Mtaa ukifungwa na mshuko ukapungua sana, mmempata mwizi wenu. Hapo ndipo mtakapokwama, nawaambieni mapema, kwa sababu valvu nyingi hazifungi. Nyingine zimeganda, hazijazungushwa miaka. Nyingine chemba zake zilifukiwa na greda wakati wa kuchonga barabara. Moja ninayoikumbuka vizuri iko chini ya kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi, na mwenye duka hajui.

Anayejua zilipo zote ni mzee mmoja, yule anayefungua na kufunga mgao wa mitaa. Hana ramani wala daftari, na mkataba wake ni wa kibarua. Anatembea na spana yake kwenye baiskeli, na akiugua malaria mtaa fulani unakaa bila maji wiki nzima. Nawaomba kijana mmoja wa ofisini aambatane naye akiwa na simu yenye kuonyesha mahali. Wafike kwenye kila valvu, kila chemba, kila tawi. Wasimame, waandike nukta, wapige picha, waandike bomba ni la nini, la inchi ngapi, lina kina gani. Kazi hiyo haizidi mwezi, na gharama yake ni posho na mafuta ya pikipiki. Mzee yule apewe ajira au walau heshima ya mshauri, maana siku atakapoondoka hakuna fedha ya mradi itakayoweza kununua alichonacho kichwani.

Kuhusu mabomba yenyewe, ninacho kipande nyumbani. Bomba la chuma la inchi mbili lilipasuka karibu na stendi, vijana wakalikata, nikaomba kile walichokuwa wanatupa. Nje linaonekana zima. Ndani kutu imeota vinundu vinundu kuzunguka ukuta wote, na njia iliyobaki inapitisha kidole gumba changu kwa shida. Maji yanayotoka tenkini yakiwa na nguvu yanafika huko mbele yamechoka. Watu wa mtaa wa chini wanalalamika kwamba maji hayatoshi, ofisi inajibu kwamba chanzo ni kidogo, kumbe bomba limeziba kwa kutu. Hata mkijenga tenki la lita milioni moja, kwenye tundu lile la kidole maji yatapita yale yale.

Na namna lilivyotengenezwa! Walipitisha kipande cha plastiki, wakafunga maungio kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, wakafukia maji yakiwa bado yanatiririka taratibu pembeni. Siwalaumu vijana. Stoo haina klampu, haina viungio vya saizi hiyo, na wateja walikuwa wanapiga simu. Ninachouliza ni kwamba tukio hilo limeandikwa wapi. Ofisi ikiwa na daftari la mipasuko, tarehe, mahali, aina ya bomba, sababu, ndani ya mwaka mmoja mtaona wenyewe kipande kipi cha mtandao kinawamaliza. Huenda mkagundua kwamba nusu ya kazi za mafundi zinatoka kwenye mita mia tatu za bomba moja. Hizo mita mia tatu ndizo za kubadilisha kwanza. Bila daftari mtabadilisha zile zinazopita mbele ya nyumba za wakubwa.

Kuna na lile bomba kuu la asbesto la inchi sita. Nimeona vijana wakilikata kwa grainda likiwa kavu, vumbi jeupe limewafunika nyusi, hawana hata barakoa ya hospitali. Vumbi hilo ndilo la hatari; likikaa kwenye mapafu linaua mtu pole pole, miaka mingi baadaye. Likatwe kwa msumeno wa mkono likiwa limelowa, na mabaki yasiachwe watoto wakayachezea. Hili halisubiri bajeti wala tathmini. Lianze leo.

Sasa presha, maana hapa ndipo tenki jipya linapoweza kutuumiza. Kutoka kilima cha shule, lilipo tenki, hadi stendi ni mteremko wa mita sabini hivi. Kila mita kumi za mteremko ni bar moja. Mchana watu wanapochota presha inashuka, lakini usiku maji yakisimama bomba la pale chini linabeba bar saba, wakati plastiki iliyolazwa pale imeandikwa ubavuni PN 6, yaani imetengenezwa kwa bar sita. Ndiyo maana mipasuko mingi tunaikuta asubuhi. Wajenzi wa zamani walilijua hilo. Waliweka chemba ya kupunguza presha katikati ya mteremko. Nendeni mkaione. Boya lake limekatika, na mtu fulani aliunganisha bomba moja kwa moja pembeni ili kuikwepa. Tenki jipya likiwekwa juu zaidi ya hili, kama nilivyosikia, mnaongeza bar juu ya mabomba ambayo yameshindwa hizi zilizopo. Siku ya uzinduzi maji yataruka, watu watapiga vigelegele, na wiki ya pili mafundi watakuwa mtaroni mchana na usiku.

Mgao nao una madhara ambayo hayaonekani kwenye ratiba. Bomba likikaa tupu, pale penye ufa linavuta ndani kile kilicho nje: maji ya mtaro, ya choo cha shimo kilicho jirani. Maji yakirudi yanasukuma uchafu huo hadi bombani kwa mama. Kabla hayajafika, hewa inatangulia na kuizungusha dira, kwa hiyo mtu analipia upepo. Wateja wakisema wanabambikiwa bili, si wote waongo.

Masika ni balaa zaidi, kwa sababu sehemu ya maji yetu inatoka kwenye kijito, na kijito kikijaa maji yanashuka mekundu. Klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji yenye tope; Shirika la Afya Duniani linashauri uchafu wa tope usizidi NTU 5 (NTU ndicho kipimo cha tope) kabla ya kuitia, na bombani ibaki walau miligramu 0.2 kwa lita. Kipimo cha kuangalia klorini ni kidogo, kinaingia mfukoni, unadondosha kidonge kwenye maji na kulinganisha rangi. Ningependa kuona bwana afya au fundi akipima kwenye bomba la mwisho kabisa la mtandao, siyo tenkini ambako klorini bado ni mbichi. Mkoa huu hauhitaji kukumbushwa kipindupindu. Mwaka 2015 pale Kagunga, ndugu zetu waliokimbia Burundi walipojazana ufukweni, tuliona kinavyokwenda kasi maji safi yakikosekana. Kwa tope la kijito kuna chujio la kokoto, ambalo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kulichunguza miaka ya 1980. Halihitaji umeme wala shabu ya kutulizia tope. Linahitaji kokoto zilizochambuliwa kwa saizi, nafasi, na mtu wa kulisafisha.

Chanzo chenyewe kipimwe mwisho wa kiangazi, mwezi wa tisa, siyo mwezi wa pili mvua ikinyesha ndipo tujidanganye. Chemchemi ndogo inapimwa kwa ndoo na saa ya simu. Kijito kinapimwa kwa ubao uliochongwa pengo la V; kina cha maji kwenye pengo kinakupa wingi wake. Mkiwa huko juu mtawakuta watu wanalima maharage mpaka kwenye mdomo wa chemchemi na tanuri la matofali hatua chache kutoka hapo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu chanzo, ndani ya mita 60. Wakulima wale ni jirani zetu, wengine walirithi mashamba hayo. Kuwaondoa kwa mgambo peke yake hakutadumu. Wapewe miche ya michikichi ya kupanda nje ya mpaka, na mpaka wenyewe uwekwe nguzo zinazoonekana. Mikaratusi iliyopandwa pale kwa jina la kutunza chanzo, naomba ikatwe. Inakunywa kuliko sisi.

Nije kwenye fedha na hesabu. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, kila mwaka inatoa ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji, na upotevu wa maji ni kipimo kimojawapo. Kinachokubalika ni asilimia 20. Ninyi ya kwenu mnaiandikaje, wakati chanzoni hakuna dira na nusu ya wateja wanakadiriwa? Mnatoa makisio kwenye makisio, kinachopatikana mnakiita asilimia. Dira kubwa mbili, moja pale maji yanapoingia tenkini na nyingine yanapotoka, zingewapa namba ya kweli kwa mara ya kwanza, na gharama yake ni ndogo sana mbele ya tenki. Mkija siku ya taftishi kuomba bei ipande, wananchi watawauliza swali hilo hilo, na mimi nitakuwa nimekaa mstari wa mbele. Wapo pia wanaochepusha maji usiku, na zipo taasisi za umma zinazodaiwa bili miezi na miezi. Hao mnawajua kwa majina kuliko mimi.

Najua mtaniambia kwamba wafadhili na Wizara wanatoa fedha za vitu vinavyoonekana. Ni kweli, na nimeshakaa upande huo wa meza. Wenzetu wa Kasulu wamo kwenye mradi wa miji 28 wa mkopo wa India wa dola milioni 500, ambao mikataba yake ilisainiwa Chamwino Juni 2022. Urambo, Kaliua na Sikonge kule Tabora nao wamo. Sisi hatumo. Lakini Mfuko wa Taifa wa Maji upo, na sisi sote tunauchangia shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli, hata bibi anayepanda bodaboda kwenda kliniki. Mkienda kuomba mkiwa na ramani, vipimo vya usiku, daftari la mipasuko na kipimo cha chanzo, andiko lenu halitafanana na yale mengine kwenye foleni. Na kama vipimo vikionyesha kwamba kweli chanzo hakitoshi hata mivujo ikizibwa, nitakuwa wa kwanza kuliunga mkono hilo tenki.

Ombi langu basi ni hili. Kabla ya Wiki ya Maji, Machi 16 hadi 22, badala ya fulana na maturubai, bandikeni kwenye ubao wa ofisi tenki linashuka sentimita ngapi usiku, chanzo kinatoa lita ngapi kwa sekunde kiangazi, na klorini iliyopimwa bomba la mwisho ni kiasi gani. Namba zikiwa mbaya, zibandikeni hivyo hivyo. Watu wa mji huu wamevumilia mengi, namba hazitawaua. Halafu mtangaze ni mita zipi za bomba zinabadilishwa kwanza na kwa nini.

Kwa kipimo cha usiku sihitaji posho. Chagueni tarehe, mniazime funguo za geti la tenki na mtu mmoja wa kushika tochi. Namba yangu anayo mwenyekiti wa mtaa. Ngazi ya tenki imeoza kipande cha tatu kutoka juu, ichomelewe kwanza kabla hatujampandisha mtu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi sanifu mstaafu,
Kigoma